Nani Mwenye Kalibu? Wachonga Nishani wa Ufaransa katika Karne ya 18

Historia ya sanaa, kama ilivyozoeleka kuandikwa, hututajia wafalme waliochorwa na hunyamaza juu ya mikono iliyowachora. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kazi moja ya mikono, kazi ya kuchonga nishani na sarafu, jinsi ilivyokuwa Ufaransa katika karne ya 18. Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani ya kujishughulisha na mapambo ya mabwana wa zamani? Haja ipo. Kazi nyingine chache sana zilikuwa karibu na dola kiasi hicho. Mchonga nishani alikuwa mfanyakazi wa mikono, mwenye vumbi la chuma kwenye kucha, na papo hapo yeye ndiye aliyeipa dola uso wake. Kwa hiyo, dola ilipobadili mabwana, yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulitambua jambo hilo, maana alitakiwa abadilishe sura iliyokuwa mezani kwake.

Tuanze na kazi yenyewe, kwani hatuwezi kumzungumzia mfanyakazi pasipo kujua alikuwa akifanya nini kutwa. Kwanza alichora karatasini. Kisha aliunda sura kwa nta, akiipunguza na kuiongeza hadi aridhike. Baada ya hapo alitwaa kipande cha chuma cha pua kilicholainishwa kwa moto, akakichonga kwa tindo ndogondogo na kukisugua kwa tupa mpaka sura ikainuka: kidevu, kope, mafundo ya nywele. Kipande hicho kilikazwa kwa moto na maji, halafu kikapigwa juu ya kipande kingine cha chuma laini, kikaacha humo shimo lenye sura ile ile iliyogeuka nje-ndani. Shimo hilo ndilo tunaloliita kalibu. Herufi zilipigwa moja moja kwa vyuma vidogo, kinyumenyume, na mengi mengine yalimaliziwa humo humo ndani ya kalibu. Hapo shavu ni bonde na jicho ni shimo ndani ya shimo, na mkono wa kulia huwa wa kushoto. Fundi alijua anakokwenda kwa kubonyeza nta au risasi laini, akatazama alama, akarudi tena kazini. Kosa la kuchimba kupita kiasi halikuwa na dawa, kwa sababu chuma kilichoondolewa hakirudi.

Ndipo ilipofika saa ya hatari. Kalibu iliyokwisha kuchongwa ilipaswa kutiwa motoni na kuchovywa majini ili iwe ngumu kuliko madini itakayoyapiga. Chuma kikiwa na dosari ndani, kilipasuka. Kazi ya miezi ilipotea kwa mlio mmoja, na swali la nani atalipa hasara hiyo lilikuwa swali zito kila mara fundi na mwagizaji walipoandikiana mkataba. Ikisalimika, kalibu ilipelekwa kwenye shinikizo la skrubu, mtambo wenye mkono mrefu na matufe mazito ya risasi kwenye ncha zake. Watu kadhaa waliuvuta mkono huo kwa kamba, kwa pamoja, skrubu ikateremka kwa kishindo. Nishani yenye sura iliyoinuka sana haikutoka kwa pigo moja. Ilipigwa, ikatolewa, ikapashwa moto ili madini yalainike, ikarudishwa na kupigwa tena. Jina la mchongaji huonekana kwa herufi ndogo chini ya shingo ya mfalme. Majina ya wavuta kamba hayaonekani popote.

Sasa, ni nani aliyekuwa na mtambo huo? Jibu lake ndilo linalofungua historia yote. Nchini Ufaransa haki ya kupiga nishani ilikuwa ya mfalme. Mashinikizo ya nishani yalikuwa katika jengo la Louvre, mjini Paris, na mtu binafsi hakuruhusiwa kuwa na la kwake. Mfalme angeweza kusema kwamba anaogopa sarafu za bandia, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Lakini yapo zaidi ya hayo. Mwaka 1663 Colbert, waziri wa Louis wa 14, aliunda kikundi kidogo cha wasomi ambacho kazi yake mojawapo ilikuwa kutunga maneno na mifano ya nishani za kumsifu mfalme. Mwaka 1702 kikatolewa kitabu kikubwa chenye nishani 286 juu ya matukio ya utawala wake: vita, ngome zilizotekwa, mikataba, ndoa na uzazi. Utawala mzima ulisimuliwa kwa madini, na katika masimulizi hayo hakuna njaa wala kodi. Mwanachuoni alitunga, mchoraji akachora, mchongaji akachonga. Fikra zilitengwa na mikono, na mikono ikatengwa na mtambo. Ustadi ulikuwa mali ya fundi. Kila kitu kingine kilichohitajika ili ustadi huo uzae matunda kilikuwa cha mtu mwingine.

Katika mpango wa namna hiyo vyeo hurithiwa. Jean Duvivier, aliyefariki mwaka 1761, alichonga nishani nyingi za Louis wa 15. Mwanawe Benjamin, aliyezaliwa mwaka 1730, aliifuata kazi ya baba, na mwaka 1774 akawa mchongaji mkuu wa sarafu za Ufaransa. Hatumdharau hata kidogo. Nishani yake ya Washington na kuondoka kwa Waingereza mjini Boston ni kazi safi, na farasi wake wanapumua. Lakini alizaliwa upande wa ndani wa mlango.

Augustin Dupré alizaliwa upande wa nje. Mahali pake ni Saint-Étienne, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya silaha, mwaka 1748. Alijifunza kuchonga katika uanagenzi wa kutia nakshi kwenye bunduki, akahamia Paris akiwa kijana, na huko akaendelea na kazi ya nakshi za mapanga na vitu vya madini. Mkono uliozoea chuma cha bunduki ulikuwa na nguvu ya aina yake, na wanaozilinganisha kazi zake na za Duvivier huiona tofauti hiyo: mistari ya Dupré ni michache, mikali, na haitafuti kupendeza.

Mtu aliyempa nafasi alikuwa mgeni. Benjamin Franklin alikuwa balozi wa Marekani mjini Paris, naye alijua vizuri namna maneno na picha vinavyofanya kazi, kwa kuwa alikuwa mpiga chapa. Alitaka nishani ya kukumbuka ushindi mara mbili dhidi ya jeshi la Uingereza, wa Saratoga mwaka 1777 na wa Yorktown mwaka 1781. Dupré aliichonga, na ikapigwa mwaka 1783. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke, nywele zikipeperushwa na upepo, na nyuma yake mti wenye kofia kwenye ncha. Maneno yake ni mawili ya Kilatini, yenye maana ya uhuru wa Marekani, na chini yake tarehe ya 4 Julai 1776. Upande wa pili mtoto mchanga Hercules anawanyonga nyoka wawili, huku Minerva, mwenye ngao ya maua ya mfalme wa Ufaransa, akimkinga na mnyama mkali wa Uingereza. Nakala mbili za dhahabu zilipelekwa kwa mfalme na malkia wa Ufaransa. Miaka 10 baadaye kichwa kile cha mwanamke kilikuwa kimekwisha kuigwa kwenye sarafu za shaba za Marekani yenyewe.

Tutazame kofia ile juu ya mti. Katika Roma ya kale ilikuwa kofia ya mtumwa aliyeachwa huru. Siku aliyotoka utumwani ndiyo siku aliyoivaa. Mwaka 1783 kofia ya mtumwa huru iliwekwa kwenye nishani ya nchi iliyokuwa na mamia ya maelfu ya Waafrika utumwani, na utumwa huo haukufutwa katika nchi nzima ila mwaka 1865. Dupré hakuubuni mgongano huu. Aliagizwa ishara, akaichonga kwa uaminifu na kwa uzuri. Lakini chuma hakisahau, na leo yeyote anayeishika nishani hiyo anaweza kuuliza kofia ilikuwa ya nani.

Mapinduzi yalipozuka Paris mwezi Julai 1789, ukiritimba wa Louvre ulianza kuvuja kila upande. Bertrand Andrieu, kijana aliyetoka Bordeaux, alichonga picha ya kuvamiwa kwa gereza la Bastille: ngome, moshi, umati wa watu wadogo kama siafu. Nakala zake zilitolewa kwa madini hafifu ya bati na risasi, upande mmoja tu, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Mjenzi Palloy, aliyeshika kazi ya kuibomoa ngome hiyo, alifanya biashara ya kumbukumbu zilizotengenezwa kwa mawe na vyuma vyake. Kengele za makanisa nazo ziliyeyushwa zikawa sarafu ndogo. Kwa mara ya kwanza watu ambao hawakuwahi kupewa nishani waliweza kuwa nayo, na katika sura iliyochongwa humo waliuona umati wao wenyewe.

Hapa kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi. Mwezi Juni 1791 Louis wa 16 alitoroka Paris usiku akiwa amevaa kama mtumishi. Inasemekana kwamba Drouet, msimamizi wa kituo cha farasi huko Sainte-Menehould, alimtambua kwa kulinganisha uso wake na ule uliokuwa kwenye noti. Mfalme alikamatwa Varennes. Kama kisa hiki kimetiwa chumvi au hakikutiwa, kina ukweli wake: uso uliotawanywa kila mfukoni ili uogopwe ndio uliomfichua mwenyewe.

Mwaka huo huo Bunge la Taifa liliamua kwamba sarafu mpya zipatikane kwa mashindano. Wachongaji walileta kazi zao na kazi zikapimwa. Dupré alileta malaika mwenye mabawa anayeandika katiba juu ya kibao, naye akashinda. Mwezi Julai 1791 alishika cheo cha mchongaji mkuu mahali pa Duvivier. Mwanagenzi wa nakshi za bunduki alikalia kiti cha mtoto wa mchongaji wa mfalme, na alikikalia kwa haki. Katika maandishi ya sarafu mpya Louis hakuwa tena mfalme wa Ufaransa. Aliitwa mfalme wa Wafaransa. Badiliko ni la herufi chache, lakini maana yake ni kwamba nchi si shamba lake.

Hata hivyo tungekosea kama tungeishia hapo, kama wanavyoishia waandishi wengi wanaomsifu Dupré. Miezi ile ile ilitoa jambo jingine. Mwezi Machi 1791 vyama vya zamani vya mafundi, pamoja na masharti yake yote ya kufungia watu nje, vilifutwa. Hilo lilikuwa la kimaendeleo. Lakini tarehe 14 Juni 1791, wiki chache kabla ya Dupré kupewa cheo, ilipitishwa sheria iliyoletwa na mbunge Le Chapelier, iliyowakataza wafanyakazi kuungana, kuchagua viongozi wao na kukubaliana juu ya ujira. Walioijenga hoja hiyo walisema kwamba kati ya mtu na taifa pasiwe na chama kingine. Maneno matamu! Mwenye karakana hakuhitaji chama ili kumpunguzia mtu ujira. Mvuta kamba wa shinikizo alikihitaji ili kuupandisha. Sheria hiyo ilidumu: mgomo ulikuwa kosa la jinai hadi mwaka 1864, na vyama vya wafanyakazi havikupata ruhusa kamili hadi 1884. Basi mapinduzi ya mabwanyenye yalifungua mlango kwa kipaji cha mtu mmoja mmoja, na kwa mkono wa pili yakaufungia tabaka lake zima. Mambo haya mawili yalifanywa na watu wale wale, na wao hawakuona ajabu yoyote, kwa sababu kwao uhuru ulikuwa uhuru wa kuuza na kununua, na nguvu za mikono zilikuwa bidhaa mojawapo.

Mgongano huo umo ndani ya kazi mashuhuri kuliko zote za Dupré. Mwezi Novemba 1793, mfalme akiwa amekwisha kukatwa kichwa tangu Januari, mchoraji David alitoa hoja kwamba umma wa Ufaransa uchongewe sanamu kubwa sana ya Hercules. Dupré alipewa kazi ya kumchora Hercules huyo kwa ajili ya mhuri wa dola. Katika wazo hilo la 1793 umma ni jitu: lina rungu, na Uhuru na Usawa ni visanamu vidogo kiganjani mwake. Lakini siasa iligeuka. Robespierre na wenzake waliuawa mwezi Julai 1794, na wenye mali wakarudi kushika usukani. Sheria ya fedha ya mwezi Agosti 1795 ilileta faranga, na juu ya sarafu ya faranga 5 Dupré akamchonga Hercules yule yule. Mtazame sasa. Amesimama katikati ya wanawake wawili wa kimo karibu sawa na chake, Uhuru na Usawa, naye anawaunganisha mikono. Maneno yaliyouzunguka mduara yanasema umoja na nguvu. Rungu halimo mkononi. Jitu limekuwa msuluhishi. Kwa uchongaji, kazi hii ni bora kuliko mchoro wa mhuri. Sisi tunasema tu kwamba umma ulinyang'anywa silaha juu ya madini kabla haujamaliza kunyang'anywa mitaani.

Yaliyofuata yanajulikana. Bunge lililofuta utumwa katika makoloni tarehe 4 Februari 1794, likisukumwa na watumwa wenyewe walioinuka Saint-Domingue mwaka 1791, lilikwisha kuondoka. Bonaparte aliurudisha utumwa mwaka 1802. Mwaka 1803 Dupré aliondolewa kwenye cheo chake, na Tiolier akashika nafasi hiyo. Sarafu zikaanza tena kubeba uso wa mtu mmoja aliye hai.

Wakati huo ng'ambo ya bahari, nchini Uingereza, swali la nani mwenye kalibu lilikuwa likijibiwa kwa njia nyingine. Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho karibu na Birmingham, alikuwa mbia wa James Watt. Mwaka 1790 alipata hataza ya mashinikizo ya sarafu yanayoendeshwa kwa mvuke. Alikuwa amemwajiri mchongaji Mswisi Jean-Pierre Droz, ambaye ujuzi wake ulikuwa wa hali ya juu, lakini waligombana na kuachana. Baadaye alimchukua Mjerumani Küchler, ambaye kalibu zake zilitoa senti kubwa za shaba za mwaka 1797. Mvuke uliondoa wavuta kamba, na kijana mdogo akatosha kuangalia shinikizo. Mchongaji mwenyewe bado hakuweza kuondolewa. Ndiyo sababu Boulton alimvumilia Droz muda wote ule. Zamu ya mchongaji ilikuja karne ya 19, ilipoenea mashine ya kupunguza sura kutoka mfano mkubwa hadi kipimo cha sarafu, na mkono uliojua kuchonga kinyumenyume ukaanza kuwa adimu.

Soho ilipiga kwa ajili ya yeyote aliyelipa. Ilitengeneza sarafu zenye mwaka 1791 za kampuni ya Sierra Leone, koloni la watu weusi waliokuwa wametoka utumwani: upande mmoja simba, upande mwingine mikono miwili, mweusi na mweupe, ikishikana. Mkono mweupe ndio uliokuwa na hisa London.

Na si lazima tuende Sierra Leone. Sarafu ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, ambayo wazee wa pwani ya Afrika Mashariki waliihesabu kwa jina la riale, ni ya karne hiyo hiyo. Malkia alikufa mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa Arabuni na Ethiopia walizoea sura yake, wakahesabu hata lulu zilizochongwa juu yake, na riale yenye tofauti waliikataa. Kwa hiyo ikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile vizazi na vizazi. Chini ya picha zimo herufi S.F. Ni za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg. Jina la mchongaji halipo. Mwaka 1935 serikali ya Mussolini ilizipata kalibu zake kutoka Vienna ili ipige riale hizo Roma, kwa matumizi ya uvamizi wa Ethiopia. Fundi wa 1780 hakuulizwa, na asingeweza kuulizwa.

Dupré alifariki mwaka 1833, mbali na viwanda vya sarafu. Kila Ufaransa ilipotangaza tena jamhuri, makalibu yake yalitolewa yakafutwa vumbi: Hercules alirudi mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1870, na hata katika miaka ya 1965 hadi 1980 alikuwa kwenye faranga 10 na faranga 50. Malaika wake naye alikaa kwenye dhahabu ya mabenki hadi mwanzo wa karne ya 20.

Mara moja tu Hercules alipigwa na watu wengine. Mwezi Machi 1871 wafanyakazi wa Paris walitwaa mji wao na kuunda Komyuni. Kiwanda cha sarafu walimkabidhi Zéphyrin Camélinat, mfanyakazi wa shaba na mwanachama wa Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi. Vyombo vya fedha viliyeyushwa, na kalibu ya Dupré ikawekwa mtamboni, ikiwa imeongezwa alama ndogo ya mkuki wa ncha tatu. Zilitoka sarafu za faranga 5. Kazi iliendelea mpaka majeshi ya Versailles yalipoingia mjini katika wiki ya mwisho ya Mei na kuwaua maelfu ya watu barabarani. Camélinat alikimbilia Uingereza, akarejea baada ya msamaha wa mwaka 1880. Sarafu nyingi zenye alama ile ziliyeyushwa, na chache zilizobaki zina Hercules yule yule asiye na rungu.